Gugu Karoti Tanga: Namna ya Kulizuia na Kuling'oa Kabla Halijachanua

Gugu karoti (Parthenium hysterophorus) lilitambuliwa Tanzania kwa mara ya kwanza mkoani Arusha mwaka 2010. Mkulima wa Korogwe au mfugaji wa Handeni anaweza kuona huko ni mbali, lakini atazame ramani. Barabara kuu kutoka Arusha na Moshi inashuka Same, Mombo, Korogwe hadi Segera. Reli ya Arusha hadi Tanga inafuata bonde hilohilo. Na Mto Pangani, unaokusanya maji ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro, unapita Korogwe na kuingia baharini pale Pangani. Mbegu za gugu hili husafiri kwa njia zote tatu: ndani ya tope la matairi, kwenye majani ya kulishia mifugo inayosafirishwa, na juu ya maji ya mafuriko. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa aina mbili za wasomaji: ambaye shamba lake bado ni safi na anataka libaki hivyo, na ambaye ameshaliona na hajui aanzie wapi.

Hesabu ya kushika kabla ya yote ni hii. Mche ulioota kwenye udongo wenye unyevu unaweza kuchanua ukiwa na umri wa wiki 4 tu. Mmea mmoja uliokomaa vizuri hutoa mbegu 15,000 hadi 25,000, na mikubwa sana hupita 100,000. Anayepita shambani mara moja kwa mwezi basi amechelewa. Ukaguzi uwe kila wiki 3, mvua zinapoanza hadi udongo unapokauka kabisa. Pwani ya Tanga, ambako manyunyu huja hata nje ya masika na vuli, ina maana karibu mwaka mzima.

Litambue likiwa bado limelala chini

Mche mchanga hutandaza majani yake juu ya ardhi kwa mduara. Majani yamekatikakatika kwa kina kama ya karoti, yana kijani kilichopauka na vinyweleo laini. Hatua hii ndiyo rahisi kuliko zote kulimaliza, na ndiyo watu wengi hulipita bila kuliona kwa sababu halina ua. Baadaye shina hupanda hadi mita 1 au 1.5, na penye rutuba hufika 2. Shina lina mifereji inayotoka chini kwenda juu, lina vinyweleo, na likizeeka hukakamaa kama kijiti. Sehemu ya juu hujaa matawi mengi yenye vichwa vidogo vya maua meupe au rangi ya krimu, kila kimoja na upana wa milimita 4 hivi. Kitazame kwa karibu utaona pembe 5. Kwa kawaida kila kichwa hubeba mbegu 4 au 5, nyeusi, za urefu wa milimita 2 hivi. Chini kuna mzizi mkuu mmoja unaoshuka wima.

Mimea inayochanganya watu si mingi. Karoti na giligilani maua yake hukaa kwa umbo la mwavuli, na harufu yake kila mtu anaijua. Artemisia, inayolimwa kwa dawa ya malaria, ina harufu kali na vichwa vya maua vya manjano visivyo na pembe. Kishona nguo jani lake hugawanyika vipande vichache vyenye meno, na mbegu zake hunasa kwenye nguo. Za gugu karoti hazinasi kwa miiba, hubebwa na tope na maji. Usifikiche jani kwa mikono mitupu ili kunusa. Ukiwa na shaka piga picha tatu (mche mzima, jani, ua kwa karibu) umpelekee afisa kilimo wa kata, naye ana njia ya kuzifikisha kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Usikate tawi lenye maua na kupanda nalo basi kwenda kuuliza.

Madhara yake

Ndani ya majani, vinyweleo na chavua kuna kemikali iitwayo parthenini. Kemikali hiyo ndiyo inayofanya mimea mingine idumae karibu nalo, ndiyo inayowasha ngozi ya binadamu, na ndiyo inayofanya maziwa ya ng'ombe aliyelila yawe machungu. Kwa mkoa wenye wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa kama Tanga, hilo la mwisho peke yake lingetosha kuamsha watu. Maziwa yakikataliwa kwenye kituo cha kukusanyia, hasara ni ya siku hiyohiyo.

Kwenye mazao, majaribio ya mtama nchini Ethiopia yalionyesha upotevu wa asilimia 40 hadi 97 pale gugu lilipoachwa msimu mzima bila kupaliliwa. Chavua yake ikiangukia maua ya mahindi au nyanya hupunguza pia uchavushaji, kwa hiyo shamba lililopaliliwa vizuri linaweza kuathirika na kichaka kilichoachwa mpakani. Mifugo mingi hulikwepa malisho mengine yakiwepo, ila kiangazi njaa huilazimisha kulila: vidonda mdomoni, kuhara, manyoya kunyonyoka, na wakilila kwa wingi hufa.

Kuna jambo jingine ambalo pwani hatuwezi kulipuuza. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mbu jike wa Anopheles gambiae, wale wa malaria, hujipatia sukari kutoka kwenye gugu hili na kuishi kwa akiba hiyo. Kichaka cha gugu karoti nyuma ya nyumba ni chakula cha mbu.

Jilinde kabla ya kuligusa

Mzio wa gugu hili hujijenga taratibu. Mtu anaweza kuling'oa mara kadhaa asihisi kitu, akajiona ana ngozi ngumu, kisha siku moja kope zikavimba na shingo ikatoka upele. Ukishafika hapo, kila kugusa tena huleta hali mbaya zaidi, na wapo ambao hubaki nao kwa miaka. Kwa hiyo kinga ni kwa kila mtu, hata anayesema halimdhuru.

Vaa glovu za mpira zinazopanda juu ya kifundo cha mkono (za vitambaa hunyonya utomvu), shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi shingoni, suruali iliyoingizwa ndani ya gambuti, kitambaa cha kichwa na shingo, na barakoa. Kama gugu limeshachanua, barakoa ya kitambaa chepesi haitoshi. Tumia ile nene ya kuzuia vumbi inayobana puani, pamoja na miwani. Kazi ifanyike asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali na upepo wa baharini haujaanza kurusha chavua. Ukimaliza, vua nguo nje, zifuliwe peke yake, na uoge kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Mwenye pumu, mjamzito na mtoto wasihusishwe kwenye kazi hii. Kuwapeleka wanafunzi kung'oa gugu hili kama sehemu ya usafi wa shule ni hatari, na mwalimu au mzazi ana kila haki ya kukataa.

Ngozi ikianza kuwasha, osha kwa maji mengi na sabuni, usikune, kaa mbali na jua kali, na uende zahanati. Mwambie mganga wazi kwamba ulikuwa unang'oa gugu karoti, maana upele wake hufanana na mwingine mwingi na bila kuambiwa anaweza kutibu fangasi. Kubanwa kifua au kupumua kwa mluzi ni safari ya hospitali wakati uleule, si ya kusubiri asubuhi.

Kagua na uweke alama

Usianze kung'oa siku ya kwanza. Zunguka kwanza. Maeneo ya kutazama kwa makini ni kando ya barabara na njia za ng'ombe, geti la shamba, zizi na mahali ng'ombe wanapopumzika, kingo za mifereji ya umwagiliaji na mito, mahali palipomwagwa kifusi, mchanga au samadi kutoka nje, na mahali malori yanapoegesha. Wenye mashamba kwenye bonde la Pangani wakague kingo mara tu mafuriko yanaposhuka, kisha warudi baada ya wiki 3.

Kila ulipoona gugu, chomeka kijiti chenye kitambaa cha rangi ya kung'aa na uandike kwenye daftari: tarehe, mahali, idadi kwa kukisia (mche mmoja, chini ya 50, kiraka kizima), na kama lina maua au la. Alama hiyo ibaki hata baada ya kung'oa. Bila alama, miezi mitatu baadaye hutakumbuka pale ulipotoa mmea wenye mbegu, na pale ndipo miche itakapoota.

Sasa uamuzi ambao wengi hukosea: mtu akiona kiraka kikubwa, nguvu zote hupeleka huko. Anza na mimea iliyo peke yake, iliyotawanyika. Mmea mmoja uliotoka mbali na wenzake ndio unaofungua eneo jipya, na huchukua dakika moja kuutoa. Kiraka kikubwa kishike kwa kingo zake, ukisogea ndani. Kwenye mteremko anzia juu. Kwenye mfereji anzia maji yanakotoka kwenda chini. Na siku ikiwa na maeneo safi na machafu, pita safi kwanza, ili viatu vyako visipeleke mbegu.

Kung'oa

Wakati mzuri ni siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa laini lakini haugandi kwenye viatu. Shika mmea chini kabisa, mahali shina linapokutana na ardhi, zungusha kidogo, vuta polepole kwenda juu. Kinachotakiwa ni kutoa shingo ya mzizi pamoja na mzizi mkuu. Ukivuta kwa haraka shina hukatika, shingo hubaki, na ndani ya muda mfupi machipukizi mapya hutoka pale. Udongo ukiwa mgumu tumia jembe au kisu cha palizi, ukate sentimita 3 hadi 5 chini ya uso wa ardhi.

Kufyeka ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ukipita na fyekeo, eneo huonekana safi kwa wiki moja, kisha kila shina lililokatwa hutoa matawi kadhaa mafupi yanayochanua karibu na ardhi, chini ya kimo cha fyekeo. Tena, likifyekwa likiwa na mbegu, mbegu hutawanyika na kubebwa na mashine au viatu hadi kilomita nyingine ya barabara. Wanaosafisha kando za barabara za kijiji waambiwe hivyo kabla ya kuanza kazi. Kama hakuna njia nyingine, mfyeko ufanyike kabla ya ua la kwanza, na baada ya wiki 2 watu warudi na majembe kutoa shingo.

Moto nao haufai. Mbegu zilizo ndani ya udongo hazifikiwi na joto la moto wa nyasi, na unachobakiza ni ardhi tupu, isiyo na nyasi wala kivuli, ambayo gugu karoti huipenda kuliko mahali pengine popote.

Kulitupa

Lisilo na maua lina njia rahisi. Lilaze kwenye ardhi kavu mizizi ikitazama juu likauke, au liingize kwenye mboji. Mboji ichanganywe na samadi mbichi, ipate moto wa kweli (chomeka kijiti katikati, ukikitoa kiwe cha moto kiasi cha kutoshikika), na igeuzwe kila baada ya wiki 2 ili majani ya pembeni yaingie katikati.

Lenye maua usililaze chini hata kidogo. Maua yaliyong'olewa huendelea kukomaza mbegu. Funika kichwa cha mmea kwa mfuko mkubwa wa plastiki kwanza, kunja mdomo wa mfuko shinani, halafu ndiyo ung'oe. Kiroba cha sandarusi kilichochakaa huvuja mbegu kupitia nyuzi, kwa hiyo kikitumika kiwe kizima na ndani yake kuwe na mfuko mwingine. Funga mdomo, acha mifuko juani palepale shambani hadi mimea ioze na kukauka ndani, kisha ifukie kwenye shimo la kina cha mita 1, udongo wa kufunika usipungue sentimita 50. Anayeamua kuchoma aichome ikiwa imekauka, ndani ya shimo au pipa, mfuko ukiwa umefungwa, na watu wasimame upande upepo unakotoka. Moshi wake usiuvute.

Kabla ya kuondoka gonga gambuti na majembe, kwangua tope, osha. Kazi hii ya dakika 5 ndiyo hurukwa.

Kwenye mashamba ya mazao

Mbegu huota zikiwa ndani ya sentimita chache za juu za udongo. Kutokana na hilo kuna mbinu moja yenye nguvu: andaa shamba mapema, subiri mvua za kwanza ziamshe mbegu, na baada ya siku 10 hadi 14 kwatua juujuu, kina cha sentimita 3 hadi 5, kuua miche yote kabla ya kupanda. Kina kisizidi hapo, la sivyo unaleta juu mbegu nyingine. Gharama ya mbinu hii ni kuchelewa kupanda, na mahindi ya masika Tanga hayapendi kucheleweshwa. Kwa hiyo itumie vipande vilivyoathirika sana tu, au msimu wa vuli kama una mpango wa kupanda kunde au mazao ya muda mfupi.

Mahindi yapandwe kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, na mapengo yazibwe ndani ya wiki ya kwanza baada ya kuota. Mstari mmoja wa kunde kati ya mistari ya mahindi hufunika ardhi. Palizi ya kwanza iwe wiki ya 2 hadi ya 3, ya pili wiki ya 5 hadi ya 6. Wakulima wengi huishia hapo, na hapo ndipo gugu karoti hupata nafasi: mahindi yanapoanza kukauka majani, mwanga hurudi chini, miche iliyokuwa kivulini hurefuka na kuchanua, na wakati wa kuvuna watu hupita katikati yake wakitawanya mbegu. Pita mara ya tatu kwa mkono, wiki 2 au 3 kabla ya kuvuna. Mabua ya shamba lenye gugu lililochanua yasiuzwe kwa mfugaji.

Chini ya michungwa ya Muheza, na kwenye nyanya na mboga za Lushoto, matandazo ya majani makavu ya unene wa sentimita 10 huzuia kuota kwa kiasi kikubwa, kwa sharti kwamba majani hayo hayakutoka mahali penye gugu. Kwenye mkonge tatizo ni nafasi pana kati ya mistari miwili miwili, hasa miaka ya mwanzo kabla majani hayajafunika. Panda humo mikunde ya kutambaa badala ya kuacha udongo mtupu.

Kwenye malisho

Malisho yenye nyasi nene hayapatwi kwa urahisi. Gugu karoti huingia pale ng'ombe walipokula hadi udongo ukaonekana. Mfugaji anayeng'oa kila wiki huku idadi ya mifugo ikiwa ileile kwenye eneo lilelile anafanya kazi isiyo na mwisho. Gawa eneo, pumzisha sehemu moja wakati wa mvua hadi nyasi zirudie na kutoa mbegu, kisha hamia nyingine. Vipara vizibwe mvua zinapoanza kwa nyasi imara kama Cenchrus ciliaris kwa maeneo makavu ya Handeni na Mkomazi, au brakiaria na Panicum maximum penye mvua zaidi. Kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI pale Buhuri, Tanga, ni mahali pa kuulizia mbegu na vipando.

Ng'ombe walionunuliwa mnadani, hasa waliotoka mikoa ya kaskazini, wakae kwenye zizi dogo siku 2 au 3 kabla ya kuachiwa malishoni. Kwato na manyoya yenye tope yasafishwe hapo. Zizi hilo ndilo utakalolikagua kila wiki 3, na ni rahisi kuliko kukagua ekari 50. Maziwa yakianza kuwa machungu, tafuta mahali ng'ombe anakolila gugu na umwondoe hapo. Uchungu huisha akibadilishiwa malisho.

Dawa: lini, ipi, na kipimo

Dawa ni ya mahali ambapo mikono haiwezi kumaliza kabla ya maua. Si ya mche mmoja mmoja, wala si ya mmea uliokwisha chanua: ukilinyunyizia likiwa na maua linaweza kufa huku mbegu zikikomaa. Lengo ni mche uliolala chini bado, udongo una unyevu, majani yanakua.

Zipo mbili zinazopatikana kwa urahisi madukani. Glaifoseti huua kila kitu cha kijani, pamoja na nyasi. Inafaa kwa kusafisha shamba kabla ya kupanda, tena pale utakapopanda mara moja, kwa sababu ukiacha ardhi tupu kundi jipya la miche litaota. 2,4-D huua majani mapana na kuacha nyasi zikiwa hai, na kwa sababu hiyo ndiyo bora kwa malisho na kando za barabara: nyasi zinazobaki zinakusaidia kazi. Lakini mvuke na matone yake huharibu maharage, kunde, mihogo, nyanya, pamba na miche ya michungwa ya jirani. Usiinyunyizie mchana upepo wa baharini ukiwa umeanza, na kama una uwezo iwe na bomba lake peke yake, maana mabaki kidogo kwenye mpira yanatosha kudhuru bustani ya nyanya. Nchini Colombia gugu karoti limeshajenga usugu dhidi ya glaifoseti, kwa hiyo usitegemee dawa moja miaka yote.

Kipimo kianzie kwenye mwendo wako, si kwenye kifuniko cha chupa. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Jaza maji matupu kwenye bomba la lita 16, nyunyizia eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyopungua. Tuseme ni lita 2. Ekari moja ina maeneo kama hayo 40, kwa hiyo utatumia lita 80, yaani mabomba 5. Kibandiko kikisema lita 1 ya dawa kwa ekari, weka mililita 200 kila bomba. Jirani yako anayetembea polepole na kutumia lita 3 kwenye eneo lilelile atahitaji lita 120, mabomba 7 na nusu, na kipimo chake ni mililita 133 tu. Kila mmoja akiweka "vifuniko viwili" kama alivyoambiwa dukani, mmoja atapunja dawa na mwingine atazidisha. Kiasi cha dawa kwa ekari kifuate kibandiko cha dawa iliyosajiliwa. Nguvu ya chupa hutofautiana kati ya dawa na dawa.

Dawa ikishindwa, sababu huwa miongoni mwa hizi: maji ya tope (udongo huishika glaifoseti ikapoteza nguvu), majani yaliyofunikwa vumbi jekundu la barabara, mmea uliosinyaa kwa ukame, mvua iliyonyesha ndani ya saa 6, au gugu lililokwisha kakamaa. Mifugo isirudi malishoni kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kuisha. Kunyunyizia chumvi nyingi, kama wengine wanavyoshauriana, huunguza majani kweli, lakini huharibu udongo utakaolima kesho, usifanye.

Udhibiti kwa wadudu upo. Mbawakawa Zygogramma bicolorata anayekula majani, na fukusi Listronotus setosipennis anayetoboa shina, wameachiwa Afrika Kusini na Ethiopia baada ya kupimwa kwanza kama watashambulia mazao. Hiyo ni kazi ya serikali na watafiti. Mkulima asihamishe mdudu yeyote kutoka mahali hadi mahali.

Mlangoni

Kwa shamba safi, nguvu zako ziende kwenye vinavyoingia. Majani makavu ya malisho, samadi, mchanga, miche ndani ya viriba na mbegu zisizo na kibandiko viulizwe vimetoka wapi. Trekta la kukodi lisafishwe tope nje ya geti, na lisafishiwe mahali pamoja tu, penye alama, ili papate kukaguliwa. Asiyelijua anaweza kulikata maua yake meupe na kuyatia kwenye shada, mweleze.

Lini useme limekwisha

Mbegu zilizofukiwa hubaki hai miaka 4 hadi 6, na zaidi. Kwa hiyo msimu mmoja bila gugu hauthibitishi kitu. Kila mwanzo wa masika chota udongo wa sentimita 5 za juu kutoka sehemu 10 za kiraka cha zamani, uchanganye, utandaze unene wa sentimita 3 kwenye beseni lililotobolewa chini, uweke penye mwanga na umwagilie kila siku kwa wiki 4. Hesabu miche ya gugu karoti inayoota, iandike kwenye daftari lilelile, kisha iharibu kabla haijachanua. Namba ikishuka mwaka hadi mwaka, kazi yako inafika. Isiposhuka, kuna mmea unaotoa mbegu mahali ambapo hujapatazama, na mara nyingi ni ng'ambo ya uzio, kwa hiyo zungumza na jirani na mkague pamoja.

Ikipita miaka 2 mfululizo bila mche shambani wala kwenye beseni, punguza ukaguzi uwe mara moja kila masika na mara moja kila vuli. Ukilima kwa trekta kwa kina, au mafuriko yakipita, rudi kwenye wiki 3 kwa msimu huo wote.